Sauti ya Kabati

Jumatatu, 3 Novemba

Asubuhi nimetengeneza mikisa mbili za kuchanganyia sauti, za makanisa, na spika moja ya msikiti. Zote ugonjwa mmoja, vumbi. Nimekula chapati na maharage juu ya meza ya kazi, pembeni ya chuma cha kulehemu, kama kila siku.

Saa nane akaingia Kayitare. Sikuwa nimemwona tangu harusi yake. Amenenepa. Alikuwa mpiga ngoma wa Misumari, bendi ambayo watu wa rika langu hapa Remera, Kigali, wanaikumbuka kwa jambo moja tu: kelele. Mimi sikuwa mwanamuziki. Nilikuwa fundi wao. Niliwaundia amplifaya ya gitaa, pana na ndefu kama kabati la nguo, tukaiita hivyo hivyo. Kabati.

Anataka Misumari ipige mara moja tena. Jumamosi tarehe 22, saa tisa alasiri, ukumbi ulio nyuma ya uwanja wa mpira. Modeste wa besi, ambaye pia ndiye mwimbaji, amekubali. Celestin wa gitaa amekubali kwa sharti: gitaa lilie kama lilivyolia zamani. Lisipolia hivyo hapandi jukwaani.

Nikamkumbusha kwamba Kabati halipo. Modeste aliliuza kwa watu wa vyuma chakavu zamani sana.

"Wewe iko fundi," akasema kwa Kiswahili chake cha Kampala. "Tengeneza ingine."

Nikasema ndiyo. Haraka mno. Siku kumi na tisa.

Jumanne, 4 Novemba

Najua kwa nini nilisema ndiyo. Niandike, hakuna anayesoma humu.

Celestin hajaongea nami miaka kumi na moja. Siku bendi ilipovunjika alisimama mbele ya wote akasema, "Fundi, umeniua sikio." Sikio la kushoto. Daktari alikuwa amemwambia halitarudi. Nilikunja waya zangu nikatoka. Tangu siku ile natengeneza spika za harusi, za makanisa, za wanasiasa wakati wa kampeni. Amplifaya ya gitaa sikuigusa tena.

Leo nimepekua hadi nimepata daftari la michoro. Ukurasa wa Kabati umo, mwandiko wangu wa ujana, herufi kubwakubwa, kujiamini kwingi. Kila kipande kimeandikwa. Nimefurahi. Kama mchoro upo, kazi ipo.

Alhamisi, 6 Novemba

Nyabugogo tangu saa mbili. Nilikuwa natafuta transfoma kubwa, ya zamani, nzito. Siku hizi kila kitu chepesi.

Nimepita kwenye ghala tulilofanyia mazoezi. Tulilichagua kwa sababu kule hakuna aliyetusikia: makondakta wanaita abiria, malori yanarudi nyuma, wapagazi wanapigana vikumbo na magunia. Sasa wanauza vigae vya bafuni. Nilisimama mlangoni mpaka muuzaji akaniuliza nataka rangi gani.

Transfoma nimeipata kwa mzee wa vyuma chakavu, ndani ya mashine ya sinema. Kutu nje, ndani nzima. Mvua ikanikamata kituoni nikaikumbatia chini ya koti kama mtoto mgonjwa. Spika pia nimepata, inchi kumi na tano, karatasi yake ngumu kabisa. Leo ilikuwa siku nzuri.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimemaliza kuunga saa tano. Nikachomeka gitaa la kuazima, nikawasha, nikapiga uzi mmoja.

Sauti safi. Nene, tamu, kama ya kwaya ya wazee. Siyo yenyewe hata kidogo.

Kayitare alinitumia video ya zamani, mtu aliichukua kwa simu. Dakika nne. Nimeisikiliza mara ishirini labda. Gitaa la Celestin linalia kama bati linalochanwa, na chini ya mchano ule kuna kitu kinanguruma bila kupumzika. Nimefuata mchoro neno kwa neno. Sijui nimekosea wapi.

Mama Divine, jirani yangu wa fotokopi, amekuja kusema karatasi zake zinacheza juu ya mashine. Kwa upole. Lakini amekuja.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimebadilisha kapasita zote, vile vipande vidogo vinavyoshika umeme. Hakuna badiliko.

Saa tisa amekuja mkuu wa mudugudu, kiongozi wa mtaa wetu. Nilimkaribisha kiti, nikamletea fanta. Hakunifokea. Alisema watu watatu wamempigia simu, na mimi najua sheria ya kelele hapa mjini vizuri kuliko yeye kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kweli. Ni mimi ninayewafungia makanisa vizuizi vya sauti.

Tumekubaliana: saa sita hadi saa saba mchana, basi. Saa moja kwa siku. Ikizidi dakika moja anakuja na polisi.

Mikono inaninuka risasi ya kulehemu. Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani.

Jumanne, 11 Novemba

Saa moja yote. Hakuna.

Jumatano, 12 Novemba

Nimeacha kulehemu. Nimekaa na video tu, vipokea sauti masikioni, macho nimefumba.

Dakika ya tatu Celestin anapunguza. Anagusa nyuzi kwa kidole tu, taratibu kabisa. Na ule mchano bado upo. Mdogo, lakini upo. Amplifaya iliyozidiwa nguvu haifanyi hivyo. Ukiipigia taratibu inatulia. Basi hii siyo ya umeme. Kuna kitu ndani ya Kabati kilikuwa kimelegea au kimevunjika, na mchoro wangu haukijui.

Anayeweza kukijua ni mmoja, Celestin. Kayitare anasema ni dereva wa familia moja Nyarutarama. Amenitumia namba ya nyumba bila mimi kuomba.

Sitaki kwenda.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimekwenda.

Nilipanda pikipiki baada ya swala, kitambaa cha kichwa kikipeperuka chini ya helmeti. Mtaa mtulivu, nyua za miti zimekatwa sawasawa, geti refu jeusi. Nilimwambia mlinzi mimi ni fundi wa spika. Si uongo. Celestin alikuwa uani anaosha gari. Alifunga maji akaja getini akijifuta mikono. Ndevu zimeingia mvi.

"Fundi," akasema.

"Celestin. Habari za siku nyingi."

Nikaingia moja kwa moja kwenye mchoro, nikamfungulia daftari, nikaeleza kapasita na transfoma, naongea mbio kama mwanafunzi. Aliniacha nimalize.

"Mchoro wako hauna kosa," akasema. "Nilichana spika."

Sikuelewa.

"Kwa wembe. Mara tatu, kwenye karatasi yake. Wiki ile uliyokwenda Gisenyi kwenye msiba. Ulikuwa umeihangaikia ile spika, nikaogopa kukwambia. Uliporudi ukaisikia, ukasema, sasa Kabati limekubali. Ulikuwa umefurahi sana. Nikanyamaza."

Miaka yote hiyo najisifu moyoni kwa sauti ya wembe.

Nilitaka kucheka. Badala yake nikajikuta nasema langu.

"Na mimi lipo jambo. Niliwaambia Kabati lina wati mia. Uliponiomba niliongeze nguvu nilitoa kizuizi cha sauti, nikaweka transfoma nyingine. Wati zilifika karibu mia tatu. Sikukwambia. Nawe ulikuwa unasimama mita moja tu kutoka pale."

Maji yaliendelea kudondoka kutoka kwenye gari. Nilihesabu matone mpaka nikashindwa.

"Uliona raha, lilipokuwa linalia vile?" akauliza.

"Niliona raha."

"Hata mimi." Akatazama nyumba. Mtu alikuwa amefungua dirisha la juu. "Bosi atanihitaji. Sijui nikwambie nini, Zaina."

Sikumbuki kama aliwahi kuniita kwa jina. Niliteremka kwa miguu hadi kwenye ziwa dogo la pale, nikakaa kwenye ukingo wa barabara. Sijui kama atakuja kupiga. Nimesema, basi. Sijisikii mwepesi. Najisikia kama mtu aliyetapika.

Jumamosi, 15 Novemba

Spika mpya, karatasi safi, na mimi na wembe mkononi. Miaka ishirini na mbili sasa tangu nianze kazi hii, na sijawahi kuharibu spika nzima kwa kukusudia. Mchano wa kwanza mfupi mno. Wa pili sawa. Wa tatu nikaufikisha karibu na ukingo.

Saa sita na nusu nikapiga uzi mmoja.

Ndiyo yenyewe. Ile ile. Nilikaa chini sakafuni. Mama Divine akachungulia kuuliza kama imeharibika, nikamwambia ndiyo, imeharibika vizuri. Akarudi dukani kwake.

Kisha nikaipima, kwa sauti ya nusu tu, umbali wa mita moja. Namba niliyoiona kwenye kipimo nisingeiruhusu kwenye kanisa lolote. Na sauti kamili bado.

Nilizima. Nimeunda upya kitu kilekile kilichomla mtu sikio. Limebaki lake la kulia, nalo kitalimaliza.

Hapana. Sitampa hivi.

Jumapili, 16 Novemba

Nyamirambo kwa mama. Ameniuliza kwa nini sili. Nimemweleza yote, naye alisikiliza huku anachambua mchele. Mama hajui amplifaya ila anajua watu. Alisema, "Sasa umeshakiri. Kinachobaki ni kazi, na kazi unaiweza."

Jioni wazo limekuja. Spika iliyochanwa iingie ndani ya sanduku, sanduku lifungwe kabisa, kuta zijazwe godoro. Ndani maikrofoni moja. Spika itapiga kelele zake mle ndani peke yake, maikrofoni itaisikiliza, na mimi nje nitaamua kiasi gani kiende kwa watu. Sauti ileile, ukubwa ninaoutaka mimi.

Nimeondoka na godoro la chumba cha wageni. Mama hajafurahi.

Jumatatu, 17 Novemba

Mbao, misumari, gundi, godoro. Sanduku limekamilika saa kumi na moja. Nilijaribu saa ile ile, nje ya saa niliyopewa. Mama Divine hakusikia kitu. Kwenye vipokea sauti vyangu bati linachanika kama kawaida.

Nimemwandikia Kayitare: kesho saa sita, waje wote.

Jumanne, 18 Novemba

Siku mbaya.

Walikuja. Modeste amezeeka kuliko sisi sote, bado anasema "bonjour, ma fille", binti yangu, kama zamani. Celestin alikuja na gitaa lake lilelile na vizibo vya masikio ndani ya kikopo. Alinisalimia, akachomeka, akapiga.

Nilimtazama uso. Alisikiliza kwa makini, akaongeza kidogo, akapunguza. Akapiga wimbo nusu. Akasimama.

"Sauti ni yenyewe," akasema. "Lakini haipo."

Nikamuuliza maana yake. Akasema zamani alikuwa anaisikia magotini. Ilikuwa inamshika miguu, naye alijua apige nini kwa jinsi ilivyomshika. Sasa ni kama anapigiwa simu na mtu wa mbali. Hawezi. Akachomoa waya, akauzungusha taratibu, akatoka.

Kayitare akanigeukia. Fungua sanduku, anasema. Toa spika, iweke nyuma yake kama zamani, yeye ni mtu mzima na vizibo anavyo. Nikamwambia hapana. Akasema siku nne zimebaki. Hapana. Akasema anajua mtu Kimironko mwenye amplifaya kubwa, atakodisha.

"Kodisha," nikamwambia. "Lakini hili sanduku halifunguliwi."

Aliubamiza mlango akatoka. Modeste alibaki amekaa juu ya kisanduku cha besi, akaninong'oneza kwamba nimefanya vizuri, halafu naye akaenda zake.

Nimelia kidogo. Halafu nimetengeneza redio ya mteja, kwa sababu aliahidiwa leo.

Jumatano, 19 Novemba

Magotini. Miguu. Nimeyarudia maneno hayo asubuhi nzima.

Alichokosa siyo kelele. Ni mtikisiko. Sikio linakufa kwa kelele, lakini goti halifi.

Kuna spika mbili za besi zimekaa kwangu tangu mwaka jana, mwenyewe hakuzifuata. Nimezigeuza zitazame juu. Juu yake nimelaza ubao mnene, futi sita kwa nne, nikazifunga kwa boliti. Nimechuja sauti ya sanduku nikaacha zile za chini kabisa tu, ambazo sikio halizisikii vizuri, nikazipeleka humo. Nikavua viatu nikapanda, nikapiga uzi.

Ilinipanda hadi kwenye meno.

Nikapima kelele pale niliposimama. Chini ya ile ninayowaruhusu walokole.

Alhamisi, 20 Novemba

Nilimpigia Celestin mwenyewe. Nilitegemea asipokee. Akapokea, akasema anayo saa moja, bosi yuko kwenye gofu.

Alikuja na sare ya udereva. Niliushika ubao kwa mguu, nikamwambia apande bila viatu. Akaniangalia, akavua viatu, akavua soksi, akazikunja vizuri ndani ya viatu. Akaweka vizibo masikioni. Akapanda.

Nikafungua taratibu.

Alipopiga mara ya kwanza alitazama chini, kama mtu aliyekanyaga kitu. Akapiga tena. Akabadilisha namna ya kusimama, akatanua miguu. Kisha akaanza "Mtambo", wimbo wao mrefu kuliko yote, tangu mwanzo, naye akaupiga wote bila kusimama, macho kayafumba, vidole vya miguu vimejikunja juu ya ubao. Dakika kumi na kitu. Mimi mkono juu ya mikisa, naogopa hata kukohoa.

Ulipokwisha akatoa kizibo kimoja.

"Punguza kidogo zile za juu."

Nikapunguza. Akapiga uzi mmoja, akauacha ulie mpaka ukafa.

"Hapo. Usiguse tena."

Akavaa soksi na viatu, akaenda. Nimebandika utepe kwenye kila kitufe ili mtu asiviguse, hata mimi.

Jumamosi, 22 Novemba

Mvua kubwa juu ya paa la ukumbi toka saa nane. Nilidhani hawatakuja. Walikuja, wengi wa rika letu, wengine na watoto wao wakubwa. Mama Divine pia, amevaa kama anakwenda harusini. Niligawa vizibo mlangoni mwenyewe, na nilimsimamia kila mtu mpaka avivae.

Kayitare hakukodisha kitu. Alinisalimia bila kunitazama, kisha akanisaidia kubeba ubao na kuupachika katikati ya mbao za jukwaa, spika zikiwa chini yake.

Walipoanza watu wa mbele walirudi nyuma hatua mbili. Halafu wakasogea tena. Modeste alisahau maneno ya wimbo wa pili akapaza majina ya wajukuu wake badala yake, hakuna aliyejua.

Katikati ya "Mtambo" nikaona uso wa Celestin umebadilika. Boliti moja ya ubao ilikuwa imelegea, spika ya kushoto inahama. Mtikisiko ulikuwa unamkimbia. Sikuwa na muda wa kutafuta spana. Niliingia chini ya jukwaa kwa tumbo, kwenye vumbi, nikaikumbatia ile spika kwa mikono miwili, nikaibana kwenye ubao kwa bega. Nikabaki hivyo wimbo wote. Sikuona kitu. Niliziona nyayo zake tu kwenye upenyo wa mbao. Mwili wangu mzima ulikuwa unatetemeka na sauti ile, kila mfupa, na kwa mara ya kwanza nikaelewa alichokuwa akikitaka.

Nilipotoka walikuwa wameshamaliza. Watu wanapiga makofi. Celestin alikuwa amekaa kwenye ukingo wa jukwaa, miguu inaning'inia, amelowa jasho. Alinipa mkono nisimame. Hakuuachia haraka. Kwenye kelele za ukumbi ule hata tungesema kitu tusingesikizana.

Bega limevimba. Sijali.

Jumanne, 25 Novemba

Kliniki ya masikio. Celestin huenda kila baada ya miezi sita. Jana alinipigia akasema, "Nawe nenda. Ulikuwa mita ngapi kutoka pale?" Alikuwa na ruhusa ya asubuhi, tukaenda pamoja.

Waliniingiza kwenye chumba kidogo kisicho na sauti. Kuta za sponji. Muuguzi akanipa kitufe, akaniambia nibonyeze kila nikisikia mlio, hata ukiwa mdogo, hata nisipokuwa na hakika. Kisha akafunga mlango. Sijawahi kukaa mahali pa kimya namna ile. Nilisikia damu yangu. Mlio ukaja, mwembamba. Nikabonyeza. Ukaja mwingine. Baadaye pakawa na muda mrefu bila kitu, na nikajua kwamba vitu vinapita ambavyo sivisikii.

Sikio la kushoto limepungua. Si kama lake, lakini limepungua. Daktari ameniandikia nivae vizibo kazini kila siku. Ni mimi ninayewaambia hivyo wateja.

Nje nilimwonyesha Celestin karatasi. Akaisoma yote, akaikunja, akanirudishia. "Kushoto," akasema. Tukaanza kutembea kwenda kituoni. Alihamia upande wangu wa kushoto ili anisikie, mimi nikahamia wake ili nimsikie. Tukahama tena. Wote wawili tunataka mwenzetu akae kulia, na haiwezekani. Tukaacha, tukaenda kimya.

Kituoni tulisimama tukatazamana, ana kwa ana, na hapo ndipo tukasikizana. Aliniambia binti yake mdogo ameanza kidato cha kwanza na hapendi hesabu. Nikamwambia amlete dukani kwangu Jumamosi, nimwonyeshe hesabu za spika. Basi lake likaja.